Mikisa ya Mtandao Msikitini: Sauti Ifike kwa Akina Mama



Mwezi wa Shaabani unapoingia, kamati za misikiti yetu hushikwa na pilikapilika za kuipokea Ramadhani. Mazulia hufuliwa, kuta hupakwa chokaa, na feni zilizokuwa zikilalama mwaka mzima hushushwa zikatiwa mafuta. Katika orodha hiyo siku hizi huongezwa jambo ambalo zamani halikuwamo: kununua mikisa ya dijitali, yaani meza ya kuchanganyia sauti iwezayo kuunganishwa kwa mtandao na masanduku ya nyaya, spika, simu na vishikwambi. Safu hii kwa kawaida huzungumzia mambo ya nyumba na malezi. Wiki hii nimeonelea tuingie msikitini, kwa kuwa anayeununua mtambo huswali chini, na asiyesikia huswali juu.

Wala hili si jambo la starehe. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu katika pwani hii, wameweka miongoni mwa masharti ya swala ya jamaa kwamba maamuma ajue kuhama kwa imamu wake kutoka kitendo hadi kitendo: kwa kumwona, au kuwaona walio katika safu za mbele, au kumsikia, au kumsikia mubalighi anayefikisha takbira. Mwanamke aliye ghorofani nyuma ya pazia hamwoni imamu wala haioni safu ya wanaume. Amebakiwa na sikio tu. Spika ikikatika imamu akiwa katika sijda, huku juu kuna atakayebaki amesujudu, kuna atakayeinuka akidhani takbira imempita, na kuna atakayenuia kufarikiana na imamu akaimaliza swala yake peke yake. Kila hali katika hizo ina mlango wake katika vitabu vya fiqhi, na mwenye kuitaka hukumu yake na amwendee shekhe wake. Mimi leo nazungumzia ule waya ulioisababisha.

Na iko darsa pia. Mama ametoka nyumbani baada ya laasiri, amemwachia binti mkubwa jiko na wadogo, amepanda ngazi za msikiti kwa magoti yasiyomtii, kisha akaketi saa nzima akisikiliza mvumo kama wa bahari ya mbali. Hurudi na thawabu za nia, inshaallah, lakini elimu aliyoifuata imebaki chini.

Mikisa ni nini hasa? Ni mahali ambapo sauti zote hukutana kabla ya kugawanywa. Maikrofoni ya mihrabuni, ya mimbari, ya muadhini, na ile ya meza ya darsa, kila moja huingia kwa mlango wake. Humo sauti huongezwa au hupunguzwa, husafishwa, kisha hupelekwa kwa amplifaya na kutoka huko kwa spika. Katika mikisa ya kale kila jambo lilikuwa na kitasa chake cha kuzungusha, na kila mpita njia mwenye mkono mwepesi aliweza kukivuruga. Katika mikisa ya dijitali sauti hugeuzwa kuwa tarakimu, mara 48,000 kwa kila sekunde katika mitambo mingi, na kazi yote iliyobaki hufanywa kwa hesabu. Faida yake kubwa ni kwamba mpangilio mzima wa siku ya Ijumaa huweza kuhifadhiwa, na wiki ijayo ukaitwa kwa kubonyeza mara moja.

Mfano unaojulikana sana ni Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012. Ina milango 32 ya maikrofoni, milango 16 ya kutokea, na vitelezi 25 ambavyo hujisogeza vyenyewe mpangilio uliohifadhiwa unapoitwa. Mtoto anayeviona mara ya kwanza huapa kuwa mna jini. Kwa msikiti wenye maikrofoni nne, mtambo huo ni sawa na kukodi basi zima kumpeleka mtoto mmoja madrasa. Ziko mikisa ndogo za jamii hiyo hiyo zenye milango 12 au 16, zisizo hata na vitelezi, ambazo huendeshwa kwa kishikwambi pekee. Kamati ihesabu kwanza maikrofoni zake na sehemu zake za kusikiliza, kisha ndipo ihesabu fedha. Na nitalisema hili mapema, ingawa muuzaji hatalipenda: msikiti mdogo wa chumba kimoja na ushoroba hauhitaji kitu chochote katika hivi ninavyovieleza. Spika mbili nzuri zilizowekwa mahali pake zitaufaa zaidi kuliko mikisa ya bei kubwa inayolisha spika mbovu.

Neno mtandao hapa lina maana mbili, na hata mafundi huzichanganya. Mtandao wa kwanza ni wa kuibeba sauti yenyewe. Zamani, kutoka mihrabuni hadi kwenye meza ya fundi kulilazwa fungu zito la nyaya, uzi mmoja kwa kila maikrofoni, na fungu jingine kurudi kwa spika. Sasa waya mmoja wa mtandao, mwembamba kama kidole cha mtoto, hubeba makumi ya sauti kwa pamoja. X32 hutumia utaratibu uitwao AES50, unaopeleka chaneli 48 kwenda na 48 kurudi kwa waya huo mmoja. Sanduku la nyaya kama S16, lenye milango 16 ya kuingilia na minane ya kutokea, huwekwa karibu na mimbari au huko juu kwa wanawake, na mikisa ikaketi mahali pengine kabisa. Lakini AES50 haikubali kupitishwa katika swichi ya kawaida ya mtandao. Hutoka mtambo hadi mtambo, moja kwa moja. Utaratibu mwingine ni Dante, uliobuniwa na kampuni ya Audinate ya Australia. Huo hupita katika swichi za mtandao vizuri, ila una masharti yake: kipande kimoja cha waya wa shaba kisizidi mita 100, swichi zenye tabia ya kujilaza ili kupunguza umeme zizimwe tabia hiyo ama sauti itakatikakatika, wala usijaribu kuipeleka sauti hiyo kwa waifai. Basi fundi akija na swichi mkononi akasema ataunganisha kila kitu humo, mwulizeni ni utaratibu gani autumiao. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Katika mtandao wa sauti vifaa vyote sharti vifuate saa moja. Si saa ya ukutani. Ni ile mipigo inayovipangia lini kuhesabu kila tarakimu. Mfano wake ni safu nyuma ya imamu mmoja. Kimoja kikijifanyia saa yake, utasikia vijimlio, ta, ta, ta, kama mtu apasuaye karanga nyuma ya ukuta. Fundi wa haraka atabadilisha waya, kisha maikrofoni, kisha atailaumu Kenya Power. Kabla ya yote hayo na atazame ukurasa wa saa katika mikisa, ahakikishe kwamba kiongozi ni mmoja na kwamba wote wameandikwa kasi ile ile.

Mtandao wa pili ni wa kuuamrisha mtambo: ruta ndogo iliyounganishwa na mikisa kwa waya, na kishikwambi au simu ikiingia kwa waifai. Mikisa hupewa anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, na kishikwambi kikawa na anwani ambayo sehemu zake tatu za kwanza ni zile zile na ya nne ni tofauti, kama nyumba za mtaa mmoja zenye nambari mbalimbali. Ruta hii isiwe ile inayowapa watu intaneti. Mikisa nyingi za aina hii humtii yeyote aliye ndani ya mtandao wake, bila kumwuliza jina. Nywila iliyokuja na ruta kutoka dukani ikiachwa vile vile, kijana wa darasa la saba aliyeketi safu ya nyuma anaweza kumnyamazisha khatibu huku amejikunja juu ya simu kama anayesoma uradi. Ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Waifai yenyewe ina masafa mawili ya kawaida, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. La pili halina msongamano mkubwa, lakini hupenya ukuta kwa shida zaidi, na kuta zetu za mawe ya matumbawe, hasa katika misikiti ya kale, ni nene kuliko za majengo ya leo. Ruta iliyofungiwa ndani ya kabati la chuma chini ya ngazi haitamfikia mtu wa ghorofani kwa masafa yoyote. Itundikwe juu, mahali ambapo pande zote mbili zaiona.

Kuhusu mahali pa mtambo wenyewe, adui wetu pwani ni chumvi. Upepo wa bahari huingia kwa kila mwanya, na vichwa vya nyaya huota ukungu wa kijani kabla ya miaka miwili. Mikisa isikae chini ya dirisha linaloelekea kusini-mashariki, wala isifunikwe kwa nailoni ikiwa bado ina joto, kwani jasho litabaki ndani. Shuka kavu ya pamba yatosha. Waya wa mtandao uwe wenye ngao ya chuma, na vichwa vyake viwe vya chuma vyenye kufunga kwa ndoana, si vile vya plastiki ambavyo ulimi wake hukatika mara ya tatu. Upitishwe mbali na nyaya za umeme wa feni, na kila ncha iandikwe jina: mihrabu, mimbari, wanawake kushoto, wanawake kulia. Kwa kazi hii tepu na kalamu ya shilingi chache hushinda kumbukumbu ya fundi yeyote.

Siku ya kuwasha, mikisa hutangulia na amplifaya hufuata mwisho. Wakati wa kuzima, amplifaya hutangulia. Mwenye kugeuza utaratibu huo atasikia mshindo katika spika, na spika husikia zaidi kuliko yeye. Maikrofoni za shingo ndefu za mimbarini nyingi huhitaji umeme mdogo wa volti 48 utokao katika mikisa kupitia waya ule ule wa sauti. Chaneli inyamazishwe kwanza, umeme huo uwashwe, kisha ifunguliwe. Halafu imamu aitwe asome kama asomavyo siku zote, si kwa kunong'ona wala kwa kupaza kwa ajili ya fundi, na gaini ipandishwe hadi taa za kipimo zicheze karibu na alama ya 18 chini ya sifuri, na vilele vyake visivuke alama ya 6 chini ya sifuri. Katika mitambo ya dijitali sifuri ni dari la zege. Sauti ikilifikia hupasuka, na hakuna kitasa cha mbele kitakachoitengeneza tena. Sauti zote za chini ya hezi 100 zikatwe katika chaneli za maikrofoni: humo hamna matamshi ya binadamu yenye faida, mna nyayo, mna feni, na mna lori linalopita barabarani.

Jambo moja zaidi kabla ya majaribio, nalo wengi hulisahau. Sauti hutembea polepole. Katika joto la nyuzi 30 huenda takriban mita 349 kwa sekunde, na katika waya umeme hufika papo hapo. Ikiwa ghorofa ya wanawake ina uwazi wa kutazama ukumbini, na spika yao iko mita 28 kutoka spika za mbele, basi watasikia neno la khatibu kutoka spika ya karibu, na kiasi cha milisekunde 80 baadaye walisikie tena kutoka chini. Pengo hilo latosha kuyafanya maneno mawili yapandane. Dawa yake imo ndani ya mikisa: njia ya kutokea ya ghorofani hucheleweshwa kwa milisekunde hizo 80, au zaidi kidogo, na sauti mbili zikawa moja. Chumba cha wanawake kilichozibwa kabisa hakihitaji hayo.

Sasa tufike kwenye kujaribu, na hapa nitakaa kitako.

Majaribio ya kawaida ya fundi ni kusimama mimbarini, kupuliza maikrofoni mara mbili, kusema moja mbili moja mbili, kusikia sauti yake ikimrudia kwa fahari, na kudai malipo. Kupuliza kwenyewe huidhuru maikrofoni. Na moja mbili ni maneno ambayo kila mtu anayajua kabla hayajasemwa. Sikio hujaza lisilolisikia. Jaribio la namna hiyo humpima fundi uvumilivu wetu, halimpimi mtambo.

Kwanza upigwe ule mvumo unaotengenezwa na mikisa yenyewe, unaofanana na mvua kubwa juu ya mabati. Mtu apite nao kila safu, chini na juu, akiwa na simu yenye programu ya kupima desibeli. Vipimo vya simu si sahihi sana kwa tarakimu, lakini kwa kulinganisha mahali na mahali vyafaa. Safu ya kwanza ya wanaume ikisoma 70 na pembe ya mwisho ya wanawake ikasoma 58, hakuna haja ya mjadala. Katika uwanja wazi, kila umbali kutoka kwenye spika unapoongezeka mara mbili sauti hupungua kwa kiasi cha desibeli 6, na ndiyo maana spika moja kubwa iliyo mbali haichukui nafasi ya ndogo mbili zilizo karibu.

Kisha jaribio la maneno. Mtu asimame mimbarini na karatasi, asome kwa sauti yake ya kawaida, neno moja moja, bila mpangilio wa kukisika: paa, taa, kaa, saa, faa, vaa, zaa, jaa. Maneno yote haya yana mwisho mmoja; yanatengana kwa herufi ya mwanzo peke yake. Wanawake watano waketi pembe mbalimbali za sehemu yao, kila mmoja na kalamu, bila kutazamana, waandike wanachokisikia. Asome maneno 20, akirudia mengine kama apendavyo. Karatasi zikikusanywa, mambo hudhihirika yenyewe. Aliyeketi karibu na ngazi ameandika "kaa" mahali pa "taa" mara nne, na "saa" na "faa" amezichanganya zote. Aliye chini ya spika amepata 19. Hapo kamati ina ushahidi wa maandishi mkononi, na maneno kwamba akina mama hulalamika tu yamekosa pa kusimama.

Sababu yake ni hii. Nguvu ya sauti ya mtu imo katika irabu, na irabu zimo katika masafa ya chini na ya kati. Maana ya neno huchukuliwa kwa sehemu kubwa na konsonanti, ambazo ni dhaifu na nyingi zimo juu zaidi, kiasi cha hezi 2,000 hadi 4,000, na herufi kama s na f hupanda kupita hapo. Katika ukumbi wa vigae, saruji na mawe, masafa ya chini hurukaruka ukuta hadi ukuta yakakawia kufa, na mkia wa irabu moja huimeza konsonanti inayofuata. Kwa mwenye kusikiliza Kur'ani hasara ni kubwa zaidi, kwani sini na swadi, hee na haa, zote huwa kitu kimoja.

Katika msikiti mmoja nilioshuhudia majaribio haya, fundi kijana aliuliza kutoka chini kama aongeze sauti. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa ameketi kwenye kiti kwa sababu ya goti, akamjibu kupitia kwa mjukuu wake aliyetumwa mbio ngazini: "Mwambie, mwanangu, sauti twaisikia. Maneno ndiyo hatuyasikii." Sijapata kusoma katika kitabu chochote cha mafundi maelezo mafupi kuliko hayo. Naye kijana alikuwa msikivu. Aliacha kitelezi mahali pake, akapunguza masafa ya chini katika njia ya kutokea ya wanawake peke yake, akainamisha spika mbili zilizokuwa zikitazama dari zitazame vichwa vya watu, maneno yakasomwa tena. Spika kuinamishwa ilifanya kazi kubwa kuliko tarakimu zote za mikisa.

Majaribio yafanyike feni zote zikiwa zinazunguka, kwani ndivyo zitakavyokuwa usiku wa tarawehe. Na yasihesabiwe kuwa yamekwisha mpaka ipite Ijumaa moja. Ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa ni vyumba viwili: miili na nguo za watu hunyonya sauti, mwangwi hupungua, na kiwango kilichokuwa kikubwa Alhamisi huwa kidogo Ijumaa. Waifai pia hujaribiwa na umati, simu mia kadhaa zikiwa mifukoni zinatafutana. Fundi asilipwe sehemu ya mwisho ya ujira wake hadi siku hiyo, na apewe habari hiyo kabla hajaanza.

Sasa nasema lile ambalo kwangu ndilo kubwa. Mitambo hii ina programu za simu zinazompa mtu mamlaka juu ya njia moja tu ya kutokea, asiweze kugusa nyingine. Waimbaji jukwaani huzitumia kila mmoja kujiwekea sauti aitakayo. Basi kwa nini sehemu ya wanawake isiwe na kishikwambi chake, mikononi mwa dada wawili waliofundishwa, waipandishe na kuishusha sauti ya kwao bila kumtuma mtoto ngazini katikati ya hotuba? Nimeisikia hoja kwamba wataharibu mtambo. Aghalabu hutolewa na mabwana ambao king'amuzi cha nyumbani kikigoma humwita binti yao. Mikisa ikishapangwa hivyo, kosa lolote la ghorofani litaishia ghorofani. Anayeketi mahali ndiye ajuaye mahali hapo pasikikaje. Aliye chini hukisia tu.

Pamoja na haki hiyo kuna tahadhari. Baadhi ya misikiti huweka maikrofoni juu ili akina mama waulize maswali katika darsa. Ni jambo jema, ila mtandao hauna pazia. Maikrofoni iliyo wazi huweza kupelekwa, kwa kubonyeza vibaya mara moja, hadi kwenye spika za mnarani, kwenye flashi inayorekodi darsa, au kwenye matangazo ya moja kwa moja ya simu. Mazungumzo ya wanawake baina yao, kuhusu hedhi, ndoa au mgonjwa, si ya mtaa mzima. Maikrofoni hiyo iwe na swichi yake yenyewe, iwe imenyamazishwa katika kila mpangilio uliohifadhiwa, na isielekezwe kabisa kwenye njia za kurekodi wala za mnarani. Hili nalo lijaribiwe: dada mmoja azungumze juu, mwingine asimame nje uani, na wa tatu asikilize kilichorekodiwa. Wakisikia hata neno moja, mtambo haujakamilika.

Na umeme? Mikisa ya dijitali ni tarakilishi. Ukikatika kwa kufumba na kufumbua, huzima na kuanza upya, na kuamka kwake huchukua muda ambao rakaa haiwezi kuungoja. Jenereta haisaidii hapo, kwa kuwa nayo huchelewa kushika. Betri ya dharura iwekwe kwa mikisa, sanduku la nyaya, swichi na ruta, na amplifaya ya sehemu ya wanawake ipewe yake kama fedha zaruhusu. Jaribio lake ni kuchomoa plagi ukutani huku mtu anasoma. Ikiwa fundi anasita kuichomoa, amekwishajibu.

Bado nitasisitiza kuwekwa mubalighi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowaswalisha watu katika maradhi yake ya mwisho akiwa ameketi, Abubakar, radhi za Allah zimshukie, ndiye aliyewafikishia takbira. Kwa hiyo achaguliwe mtu mwenye kifua, asimame karibu na ngazi au uwazi unaopanda kwa wanawake, na afahamu kwamba spika ikinyamaza hangoji ishara ya yeyote. Afanyiwe majaribio naye, mitambo yote ikiwa imezimwa na feni zikizunguka, tena kwa karatasi ile ile: je, takbira yake yafika pembe ya mwisho ya juu? Isipofika, wawekwe wawili.

Mipangilio ikishakubaliwa ihifadhiwe kwa majina yanayoeleweka: Tarawehe, Jumaa, Darsa. Nakala itiwe katika flashi mbili, moja ofisini kwa imamu na moja kwa dada msimamizi, na nywila ya ruta iandikwe ndani ya bahasha iliyofungwa ikae pamoja nazo. Zile karatasi tano za paa na taa zisitupwe. Zibandikwe upande wa ndani wa mlango wa kabati la mtambo, kila moja na tarehe na mahali alipoketi mwandishi wake, ili mwakani fundi mwingine akija ajue aanzie wapi.